Kilo za Mfuko na Nguvu ya Mizani

Leo tunazungumza nanyi, baba na mama wa Manika, wa Dilala na wa Lualaba nzima, mnaosimama mbele ya mizani ya depo, Musompo na kwingineko, na mifuko yenu ya kobalti au shaba.

Chukua mfuko wa kilo 50. Kilo hizo ni tungamo, yaani wingi wa kilichomo ndani. Upeleke Likasi, Paris au hata mwezini, zitabaki 50. Uzito ni jambo lingine: ni nguvu inayouvuta mfuko chini, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kuupata, zidisha kilo kwa mvuto wa mahali. Hapa Kolwezi mvuto ni karibu 9.78, basi mfuko una nyutoni 489. Paris mvuto ni 9.81, na mfuko uleule una nyutoni 490 na nusu. Sisi tuko karibu zaidi na ikweta, tena juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana mvuto wetu ni mdogo kidogo.

Mizani ya springi na ya elektroniki huhisi nguvu, kisha huonyesha kilo. Iliyorekebishwa Paris, ikitumika hapa bila kurekebishwa tena, itapunja karibu kilo 3 kwa kila tani. Ikipunja zaidi ya hapo, usisingizie mvuto: mizani ni mbovu au imechezewa.

Jinsi ya kuijaribu ni rahisi. Pima bido tupu. Mimina lita 20 za maji safi, upime tena. Tofauti iwe kilo 20.

Sasa bei. Shaba huuzwa duniani kwa tani, lakini kobalti mara nyingi hutajwa kwa paundi. Kilo 1 ni paundi 2.2046. Ukisikia dola 20 kwa paundi, hiyo ni dola 44 kwa kilo, tena ya kobalti safi, si ya mawe yaliyomo mfukoni. Kabla ya kukubali bei, uliza: ni ya paundi au ya kilo?

Ndugu zetu wa vyama vya ushirika, nunueni jiwe la mizani la kilo 20 lililothibitishwa, liwe mali ya wote. Kila mizani ijaribiwe kwa jiwe hilo asubuhi, mbele ya wachimbaji, kabla mfuko wa kwanza haujapimwa.