Video Fupi, Usiku Mrefu: Afya ya Akili ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



1. Utangulizi
Mwanafunzi anayeshindwa kuweka simu chini saa nane usiku huambiwa ni mvivu. Mada hii inapendekeza tumuulize kwanza analala saa ngapi, na anakimbia nini.

2. Simu inavyomshika
Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kadiri kidole kinavyosukuma. Baadaye alijuta hadharani. TikTok, Instagram na YouTube zikaongeza mtego mwingine: hujui video ijayo itakuchekesha au itakuchosha. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwishaonyesha kuwa tabia inayolipwa kwa bahati nasibu ni ngumu kuacha kuliko inayolipwa kila mara. Tena programu hupima umekaa muda gani kwenye kila video. Anayekawia kwenye za huzuni, huletewa nyingine za huzuni.

3. Kwa nini chuoni?
Sekondari ya bweni ina matroni na patroni. Hosteli ya chuo haina wa kukuambia uzime taa, na bando la usiku ni nafuu. Machi 2023 TikTok ilitangaza ukomo wa dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi wetu wa miaka 19 hayumo.

4. Ugonjwa au dalili?
Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unatambua uraibu wa michezo ya video. Video fupi haukuzitaja. Basi tusimbandike mtu jina la ugonjwa. Hata hivyo, vigezo vya mwongozo huo vinatufaa katika mazungumzo: kushindwa kujizuia, kuitanguliza tabia hiyo mbele ya mengine, na kuendelea nayo licha ya madhara.

Tafiti zimekuta utazamaji uliopitiliza ukiandamana na wasiwasi, sonona na usingizi mbovu. Kipi kilitangulia, si rahisi kusema. Anayengoja boom (fedha ya mkopo ya kujikimu) lililochelewa, au anayeogopa kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), hutazama ili asifikiri. Asubuhi anasinzia darasani, kazi zinalundikana, hofu inakua, usiku anarudi palepale.

5. Mapendekezo
(a) Mshauri aanze na usingizi, ada na masomo, simu ifuate.
(b) Mwanafunzi azime arifa, achaji simu mbali na kitanda, na atumie saa ya mezani kuamka.
(c) Serikali ya wanafunzi irudishe michezo na mijadala ya jioni, kwa kuwa muda ulioachwa wazi hurudi kwenye simu.
(d) Anayezungumzia kujidhuru afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Kumwambia afute programu hakutoshi.