Mapishi ya Bibi Zetu

Maneno tuliyoombwa kuyasema leo si ya serikali wala ya biashara. Ni maneno ya jikoni. Huenda yuko atakayeona kwamba jambo la jikoni ni dogo mno kuletwa mbele ya watu wengi namna hii. Twamwomba avumilie kidogo. Hakuna mtu, awe msomi au mkulima, tajiri au maskini, asiyekuwa na chungu kimoja cha utotoni anachokikumbuka. Nasi twasema kwamba ndani ya chungu kile hamkuwa na utamu peke yake. Mlikuwa na elimu pia, na elimu hiyo i karibu kututoka mikononi.

Sisi tulizaliwa Bonde, nchi iliyo kati ya milima ya Usambara na bahari ya Tanga. Ni nchi ya minazi, michungwa, migomba na muhogo, na chakula chake kilifuata majira ya mwaka. Masika yalipotimia, majani ya kunde na ya maboga yaliungwa kwa nazi, na mahindi mabichi yalichomwa au kuchemshwa. Baada ya mavuno ilikuja pure, yaani mahindi yaliyokobolewa kinuni na kupikwa pamoja na kunde tangu asubuhi mpaka punje zipasuke. Kiangazi kilipokausha mashamba, ghala ilitoa makopa. Nayo makopa yalitwangwa, unga ukachekechwa, ukasongwa bada, ugali wa muhogo ulio laini na wenye kunata, unaoliwa kwa samaki. Ng'onda na papa waliletwa kutoka pwani, na kipande kidogo cha papa kilitosha kuupa mchuzi wa nyumba nzima ladha ya bahari. Wali wa nazi ulikuwa wa sikukuu na wa wageni. Ndiyo sababu watoto wote tulielewa mapema mno methali isemayo, Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Si wanawake tu waliopika. Mahindi yalipokaribia kukomaa, babu yetu alihamia shambani, akalala katika dungu ili kuwafukuza nguruwe usiku na nyani alfajiri. Huko hakuwa na chungu wala mwiko. Alifukia muhogo na ndizi katika majivu ya moto, akaendelea na mazungumzo yake kana kwamba amesahau, kisha akachokoa kwa kijiti kwa wakati wake barabara. Ganda lilikuwa jeusi kama mkaa, na ndani yake chakula kilikuwa cheupe, kikavu, chenye kunukia moshi. Hakuwa na saa. Alijua kwa harufu.

Lakini ufundi mkubwa ulikuwa kwa bibi, na katika mapishi yake yote twachagua kisamvu, kwa sababu kisamvu humfunua mpishi. Kwanza yalichumwa majani machanga ya ncha peke yake, yakachambuliwa mishipa na vikonyo, yakatiwa kinuni. Hapo mchi ulifanya kazi mpaka majani yakawa kama uji mzito wa kijani. Mtwangaji aliyechoka upesi alijulikana siku hiyo hiyo mezani. Kisha kisamvu kilichemshwa kwa muda mrefu, na chungu kiliachwa wazi. Mtoto aliyetaka kukifunika, apate kuharakisha chakula, alipigwa kikofi cha mkono na kuambiwa, "Acha kipumue."

Wakati huo nazi ilikunwa kwa mbuzi, machicha yakatiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, liliwekwa kando; la pili na la tatu, jepesi, ndilo lililotangulia chunguni. Kasimile ilitiwa mwisho, na tangu hapo upawa haukupumzika, kwani tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika. Ndipo chungu kilipoteremshwa mafigani, nasi tukanawa mikono.

Karibu na jiko ulisimama mti mrefu tuliouita mpira, ambao majani yake pia hupikwa kisamvu. Mti huu una historia yake. Asili yake ni Brazil. Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa katika nchi ya Tanga kwa ajili ya utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, na mashamba mengi yakaachwa. Mti uliokuwa hauna faida tena kwa wenye mashamba, bibi zetu waliutambua kuwa ni ndugu wa muhogo, wakautia kinuni. Baadaye, tangu miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902 juu ya milima ile ile ya Usambara, waliuzalisha mti huo pamoja na muhogo ili wapate mbegu isiyoshindwa na ugonjwa wa batobato. Basi kinu cha kijijini na maabara ya wataalamu vilikutana katika mti mmoja, kila kimoja kwa njia yake.

Sasa na tuulize: kwa nini kutwanga sana, na kwa nini kuacha chungu wazi? Tulipokuwa watoto tulidhani ni desturi tu. Lakini wataalamu wametufundisha kwamba majani ya muhogo, na mizizi ya muhogo mchungu, yana kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Kitu hicho hukaa mbali na kimeng'enyo chake maadamu jani ni zima. Jani likipondwa, viwili hivyo hukutana, sumu huachana na mmea, nayo ikipata joto huruka pamoja na mvuke. Kwa hiyo, kadiri mtwangaji anavyotwanga vizuri, ndivyo chakula kinavyokuwa salama. Na chungu kilicho wazi kina mahali pa kuitoa hewa ile mbaya. Bibi hakulijua jina la sianidi. Alisema, "Acha kipumue," na neno lake lilikuwa kweli tupu.

Kadhalika muhogo mchungu. Watu waliupanda makusudi, kwa kuwa nguruwe na nyani huukwepa. Lakini hawakuupika ovyo. Uliambuliwa, ukalowekwa siku tatu au nne mpaka ukalainika, ukaoshwa, ukaanikwa juani, ndipo ukatwangwa. Ni kazi ya wiki nzima kwa ajili ya unga wa siku chache. Je, ilikuwa lazima? Jibu lilipatikana kwa uchungu katika nchi jirani. Mwaka 1981 ukame mkali uliupiga mkoa wa Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Kilichosalia mashambani kilikuwa muhogo mchungu, na watu wenye njaa hawakuweza kungoja siku zote zile. Wala hawakuwa na kunde au samaki wa kuusaidia mwili kuishinda sumu. Watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ghafula, wasipone tena. Ugonjwa huo waitwa konzo, na daktari mmoja wa Congo alikuwa ameuandika tangu mwaka 1938. Tazameni, basi, kilichokuwa kimewekwa ndani ya zile siku nne za kuloweka: miguu ya watoto.

Twaweza kutaja mengine. Ile pure tuliyoiona kuwa chakula cha shida ilikuwa na hesabu nzuri, kwani mahindi hupungukiwa na kitu ambacho kunde zinacho, na kunde hupungukiwa na kitu ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa pamoja huujenga mwili kuliko kimoja peke yake. Mafuta ya nazi husaidia mwili kuichukua vitamini iliyo katika majani ya kijani. Na kimea, yaani mtama au ulezi ulioloweshwa ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, kikitiwa kidogo katika uji mzito huulainisha, hata mtoto mwenye tumbo dogo akapata chakula kingi katika bakuli dogo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania waliwahimiza akina mama kutumia kimea hicho hicho, ambacho wazee walikuwa wakikitengeneza zamani kwa pombe na kwa togwa.

Hata hivyo, sifa isiyo na haki si sifa. Hatutaki msikilizaji adhani kwamba twatamani kila kilichokuwako. Chakula kile kililipiwa kwa migongo ya wanawake. Kuni zilichukuliwa kwa kichwa kutoka mbali, maji kadhalika. Moshi uliyafanya macho ya bibi kuwa mekundu mwaka hata mwaka. Ziko siku ambazo chungu kilikuwa kimoja na midomo ilikuwa kumi, na mpishi alikula ukoko akisema kwamba ameshiba. Pengine utamu tunaoukumbuka ulikolezwa na njaa yetu. Mashine ya kusaga imempumzisha mama, na jiko lisilo na moshi ni neema. Hatuwezi kumwambia mtu azirudie taabu hizo ili sisi tupate kufurahia kumbukumbu. Twataka taabu iondoke, lakini elimu ibaki. Hatari ni kwamba viwili hivi vilikaa katika mikono ile ile, nasi tukivitupa pamoja hatutaweza kukitenga tena kimoja na kingine.

Katika chuo chetu cha ualimu tuliwapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja amwendee mzee mmoja wa kwao, aandike namna ya kupika chakula kimoja cha zamani, pamoja na vipimo. Kazi ilionekana nyepesi. Waliporudi walikuwa wameshangaa. Wengi walisema kwamba wazee wao walishindwa kueleza. Walipoulizwa, "Chumvi kiasi gani?" walijibu, "Ya kutosha." Walipoulizwa, "Mpaka lini?" walijibu, "Mpaka inukie." Vipimo vilikuwa konzi, kifuu na kibaba, na zaidi ya hivyo jicho. Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba alijaza ukurasa kwa maneno, na bibi yake akamsikiliza akisoma, akacheka, akasema, "Weka kalamu, shika mwiko." Siku ya tatu ndipo alipofahamu bibi alikuwa akisema nini.

Hilo ndilo neno letu kwenu leo. Elimu hii haikai katika karatasi kwanza. Hukaa mkononi, na hupita kutoka mkono hadi mkono. Kitabu chaweza kuilinda, lakini hakiwezi kuizaa. Basi mwenye bibi, na aende akae jikoni kwake akiwa na nguvu bado, si kwa kungoja sahani, bali kwa kutwanga, kukuna na kukoroga. Na amwulize sababu ya kila jambo. Na kama hakuna sababu itajwayo, asifanye haraka kusema kwamba haipo. Wavulana wasidhani kwamba haya hayawahusu. Babu alijua majira ya majivu. Na sisi walimu tusione haya kuyaandika madaftarini pamoja na hesabu na jiografia, kwa maana ni hesabu ya maisha na ni jiografia ya nchi yetu.

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Tupokee mapya yaliyo mema kwa mikono miwili, lakini kwanza tuhakikishe kwamba mikono hiyo haijaangusha kitu.