Ulinganifu na Sheria za Uhifadhi: Theoremu ya Noether Darasani



Mwanafunzi wa sekondari hukutana na sheria za uhifadhi moja moja. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi, anaandika daftarini. Baadaye vigari viwili vinagongana juu ya meza ya maabara, naye anaambiwa jumla ya momenta ni ile ile kabla na baada. Akiendelea na masomo huongezewa momenta ya mzunguko, kisha chaji ya umeme. Akiuliza kwa nini nishati ihifadhiwe, tunamjibu kwamba ndivyo majaribio yanavyoonyesha. Jibu hilo ni la kweli, ila tangu 1918 lipo lingine linalozama zaidi, na sioni sababu ya kumsubirisha hadi chuo kikuu.

Chukua tangi la maji lililo mita 10 juu ya ardhi. Kupandisha lita 1,000, yaani kilo 1,000, kunahitaji takriban jouli 98,000, kwa kuwa mchapuko wa mvuto ni kama mita 9.8 kwa sekunde mraba. Sasa tuseme mvuto ulegee kila usiku hadi 9.7. Mwenye tangi angepandisha maji usiku kwa jouli 97,000, angengoja kukuche, kisha angeyaachia yazungushe jenereta na kumrudishia jouli 98,000. (Msuguano tuusamehe kwa leo.) Kila siku angejipatia jouli 1,000 zisizotoka popote. Kinachomnyima utajiri huo ni kwamba mvuto wa usiku ndio wa mchana, wa jana ndio wa kesho.

Huo ndio ulinganifu kwa maana ya mwanafizikia: badiliko linalofanyika huku sheria zikibaki vilevile. Lianze jaribio leo au kesho, sheria hazibadiliki. Hapo tunapata uhifadhi wa nishati. Lihamishe jaribio zima, pamoja na kila kinachokigusa chombo chako, hadi sehemu nyingine ya anga. Tunapata uhifadhi wa momenta. Ligeuze lielekee upande mwingine. Tunapata momenta ya mzunguko. Hata chaji ya umeme ina ulinganifu wake, japokuwa huo umejificha ndani ya hesabu za kwanta na haushikiki kwa mkono.

Aliyethibitisha kwamba mambo haya hayakuoana kwa bahati ni Emmy Noether, mwanahisabati Mjerumani aliyezaliwa Erlangen mwaka 1882. Mwaka 1915 wanahisabati David Hilbert na Felix Klein walimwita katika Chuo Kikuu cha Göttingen, wakati nadharia ya jumla ya uhusianifu ya Einstein ikiwasumbua: nishati ndani yake haikuwa na tabia waliyoizoea. Chuo kilimnyima idhini ya kufundisha kwa kuwa ni mwanamke, hivyo mihadhara yake ikatangazwa kwa jina la Hilbert. Makala yenye theoremu tunayoizungumzia iliwasilishwa na Klein mbele ya jumuiya ya kisayansi ya Göttingen tarehe 26 Julai 1918, maana mwandishi hakuwa mwanachama. Idhini aliipata 1919. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimfukuza kazi kwa kuwa Myahudi, akaenda Marekani, akafia huko 1935.

Theoremu yenyewe inahusu kiasi kiitwacho kitendo. Kwa chombo cha kawaida, toa nishati tuli kutoka nishati mwendo katika kila nukta ya safari, kisha jumlisha tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kitendo hakiathiriwi na badiliko linaloweza kufanywa kidogo kidogo, bila kuruka, basi kipo kiasi kinachohifadhiwa, na hesabu inakuonyesha ni kipi. Kugeuza kushoto kuwa kulia, kama kiooni, hakufanyiki kidogo kidogo, kwa hiyo hakumo katika theoremu hii.

Faida kubwa kwa mwalimu, kwa maoni yangu, ni kwamba theoremu hutuambia pia sheria inakoma wapi. Itazame Dunia ikilizunguka Jua. Mwanzoni mwa Januari umbali ni kilomita milioni 147.1 na kasi kilomita 30.29 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai ni milioni 152.1 na 29.29. Zidisha kila jozi: zote zinakaribia 4,455. Hiyo ni momenta ya mzunguko kwa kila kilo ya Dunia, na imehifadhiwa kwa sababu mvuto wa Jua hauchagui upande. Lakini momenta ya kawaida ya Dunia inageuka kila siku, kwani mahali hapalingani na mahali: Jua limekaa sehemu moja. Mwanafunzi anayedai momenta huhifadhiwa daima hana jibu hapa.

Mfano mkubwa zaidi ni ulimwengu wenyewe. Nuru kongwe tunayoipokea ilianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000. Tangu hapo mawimbi yake yamenyooshwa takriban mara 1,100, na nishati ya kila fotoni imepungua kwa kiasi hichohicho. Imekwenda wapi? Wako wanaoitafuta katika uga wa mvuto. Mimi naona swali lenyewe limekosa msingi: ulimwengu unaopanuka haulingani jana na leo, kwa hiyo hakuna kinachodai jumla hiyo ibaki ile ile. Theoremu ya pili ya Noether, katika makala ileile, ndiyo iliyofafanua kwa nini nishati ina hali hii ya pekee katika nadharia ya Einstein.

Kwa majadiliano ya vikundi mchana huu nimeleta pendulumu ambayo uzi wake umepita katika tundu la dari. Jiwe linazunguka kwa duara huku mtu juu ya dari akiuvuta uzi polepole. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, kila kikundi kiseme ni ulinganifu upi umevunjwa na upi umebaki, kisha kitaje kati ya nishati, momenta, na momenta ya mzunguko kuhusu mhimili wa wima, ni kipi kitasalia.