Kitenzi Kimoja Kisikatwe Vipande: Mitandao ya Kijamii na Uandishi wa Kiswahili



Nimeombwa nizungumzie athari za mitandao ya kijamii katika lugha ya kila siku. Mitandao hiyo sote tunaijua: WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na mingineyo. Lugha ya kila siku ni ile ya nyumbani, sokoni na kwenye daladala. Sitakaa hapo.

Malalamiko mengi huelekezwa kwa vifupisho: “xaxa”, “cjui”, “wa2”. Mimi haviniumizi kichwa. Vilishamiri enzi za ujumbe mfupi wa herufi 160, kila ujumbe ukilipiwa, na kijana anayeviandika anajua fika kwamba anafupisha. Kuposti na kuchati nako kumeshapata makazi. Lugha hai hukopa.

Kinachoninyima usingizi ni kukatwa kwa kitenzi. Watu wanaandika “ana kuja”, “tume fika”, “nita kupigia”. Kisha wanaunganisha yasiyounganishwa, “kwasababu”, “kwahiyo”. Mwenye kifupisho anajua alichofanya. Anayekata kitenzi hajui kabisa kuwa amekosea.

Tazameni ujumbe kama huu katika kundi la wazazi: “Mwalimu wa hesabu hata kuja kesho.” Mwandishi alikusudia hatakuja. Msomaji makini anasubiri sentensi iendelee: hata kuja kesho, amefanyaje? Au “sita kuja”: ni watu sita waje, au ni mimi nisiyekuja? Nafasi moja tupu imevuruga habari nzima, na mzazi amemtuma mtoto shuleni bure.

Wapo wanaojitetea kwamba Watswana na Wasotho huandika viambishi vingi vya mwanzo wa kitenzi vikiwa vimetenganishwa. Ni kweli, na wana kanuni zao. Kanuni yetu ni kuunganisha, kama wafanyavyo Wazulu, na kazi ya kusanifisha tahajia yetu imefanywa tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967. Kanuni hiyo haiwezi kuachwa hivi hivi kwa sababu ya kidole gumba.

Chanzo kimojawapo, kwa maoni yangu, ni kibodi ya simu. Kibodi nyingi hutegemea orodha ya maneno, lakini vitenzi vyetu haviishi katika orodha: kwa mzizi mmoja, -pig-, unapata nitakupigia, asingenipigia, hawajatupigia na mamia mengine. Neno lisilojulikana hupigwa mstari mwekundu au hugeuzwa Kiingereza. Mtoto akigusa “nita” kwenye mapendekezo, kibodi huweka nafasi yenyewe, naye anaendelea na “kupigia”. Anayeandika zaidi kwenye simu kuliko kwenye daftari huuamini mstari ule kuliko mwalimu wake.

Linalouma zaidi ni kuyaona makosa hayo hayo katika matangazo ya taasisi zinazopaswa kutuongoza. Tumeandika barua, tumekumbusha vikaoni, tukajibiwa kwamba ujumbe umeeleweka. Simnyooshei mtu kidole, lakini jibu hilo halitoshi. Kueleweka kwa kubahatisha si kazi ya tangazo la umma.

Napendekeza walimu wafundishe muundo wa kitenzi kwa kutumia ujumbe halisi wa simu, wanafunzi wenyewe waunganishe na kutenganisha. Nafasi isiyo mahali pake isahihishwe kama kosa la tahajia, isipitwe kwa huruma. BAKITA na Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) wakae na watengenezaji wa kibodi, ili kibodi ijengwe juu ya viambishi na mizizi badala ya orodha ya maneno. Kila taasisi yenye ukurasa mtandaoni iwe na mtu anayesoma tangazo kabla halijatoka. Wahariri wasirushe tangazo la mteja lenye “ana kuja” eti kwa sababu limelipiwa. Na nirudie kwa walimu: tuanze na kitenzi, vifupisho vitasubiri.

Mwisho, nawaomba waandaaji wasiyaandike mapendekezo haya kuwa azimio bila kutaja ni nani atalifuatilia na ataleta taarifa lini. Maazimio ya namna hii tumeshayapitisha, yakakosa mwenyewe.