Watoro Wasio na Cheti: Utumwa, Ardhi na Suala la Ushahidi Malindi na Kilifi

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya walimu wa historia, waelekezi wa watalii na maafisa wa ardhi, Malindi



Waandalizi wamenipa kichwa kipana, mamlaka na upinzani katika historia ya utumwa na ubaguzi wa rangi, wakaniomba nianze na maana za maneno. Nitatii, ila upesi. Mtumwa ni mtu aliyemilikiwa na mwenzake kama mali. Mzalia ni aliyezaliwa utumwani papa hapa pwani, akakulia katika lugha na dini ya bwana wake. Mtoro ni aliyekimbia. Mamlaka ni uwezo wa kumtendesha mtu asilolitaka. Upinzani ni kila alilofanya mtu huyo ili asilitende, au alitende ovyo. Ubaguzi wa rangi nitaugusa nikifika kwa Mwingereza na madaftari yake. Walimu mnayafahamu haya kunishinda. Tuendelee.

Historia ya jumla nayo nitaipitia mbio. Malindi ilikuwa magofu na vichaka hadi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Unguja. Ardhi ilikuwa tele, tena nzuri. Kilichokosekana ni mikono. Mikono ikanunuliwa: Wayao, Wanyasa na wengineo walioletwa kwa vyombo kutoka Kilwa. Kila mtu alikatiwa ngwe yake ya kulima kutwa, na mtama na ufuta wa Malindi na Mambrui vikapakiwa kwenda Uarabuni. Na asidhani mtu kwamba watumwa wote walitoka mbali. Katika njaa ya 1884 wako Wamijikenda waliowaweka rehani watoto wao kwa chakula, na si wote waliorudi nyumbani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na 1876 akaipiga marufuku misafara ya nchi kavu. Iliyozuiwa ni biashara. Utumwa wenyewe haukuguswa. Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897, na hata hivyo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Huku kwetu tulingoja hadi 1907.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewasomea kitabu cha shule, ambamo utumwa huletwa na Mwarabu na kuondolewa na Mwingereza, na mtumwa mwenyewe hupitishwa katikati kama shehena.

Waliojikomboa

Watoro hawakuingoja 1907. Katika miaka ya 1870 na 1880 mashamba ya Malindi na Takaungu yalivuja watu usiku baada ya usiku. Wako waliokwenda kaskazini hadi Witu kwa Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, aliyewapokea kwa sababu zake mwenyewe: alikuwa na ugomvi na Unguja, akahitaji wapiganaji. Wako waliofanya makazi yao bara, pembezoni mwa Wagiriama, mahali kama Makongeni na Fuladoyo.

Fuladoyo inastahili tusimame kidogo. Kiongozi wake alikuwa Mgiriama Mkristo, David Koi. Hapakuwa na Mzungu wa kumkinga. Watoro na Wagiriama waliishi pamoja, wakalima pamoja na kusali pamoja, mwendo wa miguu kutoka kwa mabwana waliokuwa wakiwasaka. Koi aliuawa mwaka 1883 na watu wa upande wa wenye watumwa. Nimewauliza walimu wengi, na wanaojua jina hilo ni wachache mno. Wanaojua mmisionari Krapf alifika lini ni wote.

Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Aliyewasimamia pale katika miaka ya 1880 alikuwa William Jones, mmoja wa wale tunaowaita Wabombay, yaani watu waliookolewa majahazini, wakalelewa na kusomeshwa Uhindini. Wakubwa zake wamisionari walikuwa wakisitasita, maana walikwisha kuwaahidi mabwana kwamba hawatawapokea watoro. Jones aliendelea kuwapokea. Mwaka 1888 ilipobainika kwamba Rabai na misheni za jirani zina watoro zaidi ya 1,400, George Mackenzie wa ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akawalipa mabwana dola 25 kwa kichwa. Tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikagawiwa Rabai kwa sherehe.

Tulitazame tukio hili kwa jicho la mtu wa kumbukumbu, na hiyo ndiyo kazi yangu. Aliyelipwa ni bwana. Mwaka 1907, utumwa ulipofutwa mwambao mzima, fidia ilikwenda tena kwa bwana. Aliyelima ngwe miaka ishirini hakupata hata rupia. Ila mtu wa Rabai alipata karatasi. Jina lake likaandikwa, la mwanawe likaandikwa kanisani, la mjukuu vilevile. Mtu wa Fuladoyo hakuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyemnunulia uhuru, aliuchukua. Aliyejikomboa kwa miguu yake ndiye leo asiye na cheti.

Tatizo lenyewe

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wenzangu ofisini wamechoka kunisikia nalo. Nitakayoyasema ni yangu, si ya idara yangu, na vijiji sitavitaja.

Mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa, mwaka 1908, ilipitishwa sheria ya hati za ardhi ya mwambao. Kila mwenye dai alitakiwa alilete. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Kazi ilianzia huku Malindi. Nani angeweza kuleta dai? Mwenye waraka wa kadhi, mwenye shahidi anayeheshimika, mwenye jina. Mmijikenda aliambiwa kwake ni kule kwenye hifadhi ya Nyika. Aliyekuwa mtumwa, hata kama ndiye aliyeling'oa pori na kulipalilia shamba, aliambiwa analima kwa hisani ya mwenyewe. Uhuru aliupata 1907, na mwaka uliofuata akawa skwota.

Hapa ndipo ubaguzi wa rangi unapoingia, na unaingia kwa kalamu ya karani. Utawala uliwagawa watu kwa madaraja: Mzungu, Muasia, Mwarabu, mzawa. Kodi, mahakama na ardhi vilifuata daraja. Jamii za miji yetu zikashindana kupanda, na silaha iliyokuwa karibu ilikuwa ni kumnong'onea karani kwamba fulani yule asili yake ni mtumwa. Tusimsingizie Mwingereza kila kitu. Karatasi ilikuwa yake, mnong'ono ulikuwa wetu.

Vita vya Wagiriama vya 1913 na 1914 navyo tunavifundisha nusu. Mekatilili wa Menza, kiongozi wa upinzani ule, alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akapelekwa Kisii, akarudi. Hayo kila mtoto anayajua, na sanamu yake iko hapa mjini. Lakini serikali ilitaka nini hasa ilipowaamuru Wagiriama waihame ardhi ya ng'ambo ya mto Sabaki? Ilitaka vibarua. Mashamba yaliyokuwa yakilimwa na watumwa yalikosa watu, Wazungu nao wakaja na mashamba yao, na Mgiriama mwenye mtama wake mwenyewe hakuwa na haja ya kumtumikia mtu. Vita vile ni mlango wa pili wa habari ileile.

Kisha ukaja uhuru. Mwezi Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipokubaliana juu ya ukanda wa pwani wa maili kumi, Kenya iliahidi kuzitambua hati za ardhi za pwani zilizokwisha sajiliwa. Daftari la 1908 likavuka salama.

Miaka mingi baadaye tukapata Katiba ya 2010 na Tume ya Taifa ya Ardhi, na sheria yake ikafungua mlango wa dhuluma za kihistoria, kuanzia tarehe 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010. Wengi hulalamikia tarehe ya kwanza kwamba inauacha utumwa wenyewe nje. Mimi tarehe hainisumbui sana. 1908 imo ndani. Linalonisumbua ni sharti jingine, kwamba dhuluma iwe imemhamisha mtu kutoka makazi yake ya kawaida. Maskwota wengi wa huku hawajahamishwa. Wapo palepale, kwenye minazi na makaburi ya babu zao, chini ya hati ya mtu mwingine. Mimi si wakili, lakini nimeona madai yakikwama kwenye mstari huo. Na muda wa kuwasilisha madai uliowekwa ulikuwa miaka mitano kuanzia Septemba 2016, ukaisha 2021.

Tuseme basi mlango u wazi. Bado kuna kizingiti ambacho hakuna sheria iliyokiandika. Ili mjukuu wa mtoro adai, sharti asimame hadharani na kusema babu yake alikuwa mtumwa wa nani. Na familia hizi zimeishi zaidi ya karne moja kwa kutolisema hilo. Wengine waliingia katika mbari za Kigiriama, wengine wakachukua majina ya ukoo wa mabwana, wengine wakajiita watu wa misheni. Kujificha kulikuwa ndiyo kinga yao, tena ni upinzani kama ule wa Fuladoyo, ila haukuacha gofu la kuonyesha watalii.

Nilihudhuria baraza moja la ardhi chini ya mkwaju. Mzee aliulizwa ukoo wake, akataja mbari. Mzee mwenzake aliyekaa nyuma akakohoa, kikohozi kile ambacho sote humu tunakijua. Watu wakacheka kidogo, karani akaandika. Baraza lilipovunjika, mzee alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, nikisema kweli, shamba nitapewa? Na binti yangu ataolewa na nani?" Sikuwa na jibu la swali la kwanza, sembuse la pili.

Kwa hiyo ushahidi unaotakiwa na ofisi ndio uleule ambao jamii huutumia kumdhalilisha mtu. Nimeziandikia ofisi zaidi ya moja kuhusu hili. Moja ilinijibu kwamba suala ni la utamaduni, nipeleke kwa watu wa makumbusho. Nyingine ikasema ni la ardhi.

Mapendekezo

Kwanza, Bunge litazame upya sharti la kuhamishwa, ili anayeishi juu ya ardhi bila hati ahesabike kuwa amedhulumiwa sawa na aliyefukuzwa. Pamoja na hilo, muda wa madai usifungwe.

Pili, madai ya ukoo yasikilizwe faraghani pale mwenyewe atakapoomba. Sioni ugumu wa hili. Mahakama za watoto hufanya hivyo kila siku.

Tatu, ofisi za ardhi zikubali ushahidi wa matumizi: makaburi, minazi na miembe ya zamani, visima, majina ya mahali. Mtu asilazimishwe kutaja bwana wa babu yake ikiwa mti wa babu yake unaonekana.

Nne, vitabu vya ubatizo vya Rabai na madaftari ya madai ya 1908 vipigwe picha na nakala zihifadhiwe katika kaunti hii. Kwa sasa mwananchi wa Magarini anayetaka kuona jina la babu yake hufunga safari ndefu.

Tano, walimu wafundishe Fuladoyo, Makongeni na David Koi pamoja na Mekatilili, na Jones pamoja na Krapf. Nimekwisha kulisema, nalirudia kwa kuwa nimelipendekeza katika warsha nyingine na muhtasari haukulitaja.

Sita, nawageukia waelekezi wa watalii. Jumba la Mtwana pale Mtwapa ulikuwa mji wa karne ya 14, ukahamwa zaidi ya miaka mia nne kabla ya mashamba ya Malindi. Msiwaambie wageni kwamba watumwa walifungwa humo wakingoja meli kwa sababu tu jina hilo, lenye neno mtwana, yaani mtumwa, linavutia bakshishi. Mkitaka habari ya watumwa, ipo ya kweli Rabai, tena ina majina ya watu.

Saba, na hili ni la pili lililorudi kwa sura nyingine: pasiwekwe kibao chochote kwenye kijiji cha watoro kabla ya wenyeji wenyewe kuketi na kukubaliana. Kibao kinachomheshimu babu kinaweza kumvunjia heshima mjukuu anayeishi hatua mbili kutoka hapo.

Nane, kanda za simulizi za wazee zilizokwisha kurekodiwa zihamishwe kwenye kompyuta mapema, na zitakazofunguliwa kwa umma ziwe zile tu ambazo familia zimeridhia. Baadhi ya waliozungumza wamekwisha kufariki. Mashine ya kuzichezea iliharibika, na barua ya kuomba nyingine iko katika ofisi ambayo sitaitaja, maana mkuu wake yumo humu ukumbini.