Bolti Nne

Mimi fundi wa magari, lakini habari za ndege huzisikiliza kwa masikio ya gereji. Januari 5, 2024, Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines ilichomoka paneli ya ubavuni dakika chache baada ya kupaa kutoka Portland, Marekani. Wachunguzi walibaini bolti nne za kuishikilia hazikuwepo, na kiwandani hakuna aliyeandika kwamba iliwahi kufunguliwa.

Hilo la kutoandika ndilo linaloniudhi. Bolti husahaulika, karatasi ndiyo humshtua fundi wa zamu inayofuata. Gereji zetu nyingi, tuseme kweli, hata hiyo karatasi hazina. Ukienda kuchukua gari lako, dai orodha ya kilichofunguliwa, na spea kuukuu ukabidhiwe mkononi.