Nyama ya Majani Inaharibikia Njiani



Huko Ulaya na Marekani, nyama ya ng'ombe aliyekula majani tu mara nyingi huuzwa ghali kuliko ya aliyenenepeshwa kwa nafaka. Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na karibu wote ni wa majani. Hata hivyo, zipo hoteli za kitalii zinazoagiza steki kutoka nje. Lawama zote anabebeshwa mfugaji na ng'ombe wake aina ya zebu. Mimi nasema nyama hii inaharibikia njiani.

Mfuate ng'ombe anayetoka Shinyanga kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Huko Shinyanga, dalali anamzunguka, anambonyeza nundu, anamshika shina la mkia, kisha anataja bei. Mizani, hata ikiwepo, haiulizwi. Kutoka hapo ni lori la Fuso. Ng'ombe wamebanana wamesimama, na mmoja akianguka, utingo anapenyeza fimbo kati ya mbao na kumchoma mpaka ainuke, maana akilala atakanyagwa afe. Sina ugomvi na utingo; ametumwa afikishe ng'ombe hai, basi.

Kila pigo ni damu iliyovilia kwenye mnofu, na mnofu huo utakatwa utupwe. Lipo na baya lisiloonekana. Ng'ombe mwenye hofu na njaa humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Akichinjwa katika hali hiyo, nyama haipati asidi ya kutosha. Inabaki nyeusi na kuoza upesi. Angepewa maji, majani na siku moja mbili za kupumzika, mambo yangekuwa mengine.

Machinjioni nako ni haraka tupu. Mteja buchani anauliza, "Ya leo hii?" Kwa mchuzi wa nyumbani hajakosea, nyama itatokota mpaka ilainike. Ila steki ya kuchomwa dakika chache inataka ining'inie kwenye chumba cha baridi wiki moja au mbili. Hizo ni biashara mbili, nasi tunazipitisha njia moja.

Namibia nao ng'ombe wao ni wa mbugani. Wa kuuzwa nje huvalishwa hereni sikioni, ijulikane ametoka zizi gani, na mwaka 2020 nchi hiyo ikawa ya kwanza Afrika kuuza nyama ya ng'ombe Marekani. Kwetu kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa mwaka 2025. Ni hatua nzuri, ingawa hereni hailainishi nyama.

Ningeanzia kwenye malipo. Ng'ombe anunuliwe kwa kilo, na mwenye Fuso alipwe kwa uzito wa nyama safi itakayopimwa machinjioni, si kwa kichwa. Akijua damu iliyovilia inakatwa kwenye nauli yake, atapakia wachache, atatandika mchanga sakafuni, na utingo atapewa maagizo mapya. Nauli itapanda, najua. Hoteli inayomudu steki ya kusafirishwa kwa ndege haiwezi kushindwa na nauli ya Shinyanga.